Mohamed Amin na vitabu vikubwa vya sebuleni

Mwezi uliopita, baada ya Isha, vijana watatu walinikuta barazani. Mmoja ni mpiga picha wa harusi, wa pili anapanga kurasa kwenye duka la uchapishaji, na wa tatu ndiye msemaji wao. Wana wazo la kutoa kitabu kikubwa cha picha za watu mashuhuri wa Pwani: waimbaji wa taarab, wachezaji mpira wa zamani, masheikh, wanasiasa, wafanyabiashara, kila mmoja na ukurasa wake mzima, karatasi nzito ya kung'aa, jalada gumu. Vitabu vya namna hiyo wenyewe huviita vitabu vya meza ya kahawa. Mimi nilicheka, maana kwetu kahawa haina meza. Muuza kahawa anapita na dele lake, vikombe vinalia mkononi mwake, nawe unakunywa umeketi barazani na kashata mkono wa pili. Kitabu cha kilo mbili utakiweka wapi?

Lakini walikuwa na nia, na walitaka niwaandikie maelezo mafupi chini ya kila picha. Wakanipa orodha ya majina arubaini. Kumi ya mwanzo yalikuwa yamewekwa tiki kwa kalamu nyekundu. Nikauliza tiki zile ni za nini. Nikajibiwa kuwa hao ndio waliokwisha kukubali kulipia kurasa zao.

Niliwaomba wanipe siku chache. Nilipoingia ndani nilimkumbuka Marhum Mohamed Amin, na tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria. Ndugu msomaji, ikiwa umri wako uko chini ya miaka thelathini huenda jina hilo halikuambii kitu, ingawa picha zake umeziona. Basi wacha nikusimulie, kwa sababu yeye alivitengeneza vitabu hivyo vya sebuleni kuliko mtu mwengine yeyote wa Afrika Mashariki ninayemjua, na watu mashuhuri aliwapiga picha mpaka yeye mwenyewe akawa mmoja wao.

Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943. Babake alikuwa Mpunjabi aliyeajiriwa na reli, na kazi hiyo ya reli ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam, Amin akiwa bado mdogo. Huko ndiko alikokulia, na Kiswahili alichokijua ni cha mtaani. Akiwa mvulana wa shule alinunua kamera ya Box Brownie iliyokwisha kutumika kwa shilingi 40. Kamera ile ilikuwa kijisanduku tu, haina mambo mengi, lakini yeye hakuitumia kupiga picha za ndugu zake sikukuu. Aliitumia kutafuta habari, akaanza kuyauzia magazeti akiwa angali mwanafunzi. Mwaka 1963, hajatimiza hata miaka ishirini na mmoja, alikuwa na kampuni yake hapo hapo Dar es Salaam, akaipa jina Camerapix.

Miezi michache baadaye yakatokea ya Unguja, Januari 1964. Amin alivuka akaenda kuyapiga picha. Hapa inanipasa niende polepole, kwa sababu wasomaji wangu wengi mna watu wenu waliokuja Mombasa na Lamu na nguo za mwilini tu baada ya mapinduzi yale. Katika ukoo wetu mna bi mkubwa mmoja, Mungu amrehemu, ambaye hata uzeeni akionyeshwa picha ya siku zile alikuwa akifunika uso kwa ncha ya leso na kutoka chumbani. Picha hazikumwongopea. Zilimwambia kweli aliyokuwa ameshaijua. Nimekuwa nikijiuliza mara nyingi kijana wa miaka ishirini aliwezaje kusimama mahali kama pale akahesabu mwanga na masafa, na jibu sina. Ninachojua ni kwamba Zanzibar haikumwacha. Mwaka 1966 alikamatwa huko kwa kuwapiga picha wageni kutoka kambi ya Kikomunisti waliokuwa wakifunza askari, akawekwa gerezani karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akafukuzwa nchini. Ndipo aliporudi Nairobi alikozaliwa, na Nairobi ikawa makao yake mpaka mwisho.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa, barabara ambayo wakati ule ikiitwa Government Road na leo ni Moi Avenue. Amin alifika upesi na kamera yake. Filamu aliyoipiga mchana ule ilizunguka dunia na kumpa tuzo kubwa ya wapiga picha wa televisheni huko Uingereza. Mwaka huo huo ikatoka kazi yake nyengine, kitabu cha picha cha kumkumbuka Mboya, kilichochapishwa na East African Publishing House. Hicho kilikuwa kitabu cha mtu mashuhuri mmoja, toka mwanzo mpaka mwisho, na mwenyewe hakulipia ukurasa hata mmoja. Asingeweza. Alikuwa kaburini.

Mwaka 1973 alishirikiana na Peter Moll kutoa kitabu cha maisha ya Mzee Jomo Kenyatta kwa picha. Hiki ni tofauti. Mzee alikuwa hai, madarakani, na ana nguvu zote za dola. Mpiga picha wa rais aliye hai huwa mgeni wake, akikaribishwa karibu na kukaribishwa tena, na mgeni hamsemi mwenyeji. Silaumu sana. Zama zile ni nani aliyekuwa akichapisha picha ya Mzee akiwa amekunja uso isipokuwa kwa ruhusa? Lakini tusijifanye hatuoni: picha nzuri ya mkubwa ni zawadi kwa mkubwa. Mohamed Amin aliijua biashara hiyo vizuri. Idi Amin alipompindua Obote mwaka 1971, yeye alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa mwanzo kufika Kampala, na yule jenerali aliyeipenda kamera kama mtoto anavyopenda peremende alimfungulia milango. Wakaitana majina, maana wote ni akina Amin. Mwaka 1980 dikteta alipokuwa amejificha uhamishoni Saudi Arabia, Mohamed Amin na mwandishi wa BBC, Brian Barron, ndio waliompata na kumhoji. Mlango alioufungua kwa tabasamu mwaka 1971 ulimsaidia kuingia tena wakati dunia nzima ilikuwa haijui yule mtu yuko wapi. Ukiuliza kama ilikuwa sawa kucheka na muuaji ili upate picha yake, mimi nitakuambia bila picha zile tungebaki na hadithi tu. Mwengine atakuambia vyengine.

Sasa nije kwenye kitabu kilichoingia nyumbani kwetu.

Mwaka 1978 Mohamed Amin alitoa Pilgrimage to Mecca, kitabu kikubwa cha picha za Hija. Ami yangu alikuwa na nakala Mji wa Kale, hata leo sijui aliipata wapi. Ilihifadhiwa kabatini, imefungwa kwa kitambaa cheupe karibu kama msahafu, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa mpaka tuoshe mikono. Bibi yangu hakuhiji. Kila mwaka ilikuwa mwaka ujao, halafu magoti yakakataa, halafu pesa zikaenda kwa matibabu ya magoti. Mwezi wa Mfunguo Tatu alikuwa akiomba kitabu kile kiletwe, anawekewa mapajani juu ya mto, anafunua kurasa kwa kidole kimoja. Alikuwa akikaa muda mrefu kwenye picha za umati unaotufu, akiangalia nyuso moja moja kana kwamba anamtafuta mtu. Wakati mwengine alisema amemuona mtu wa Lamu. Hakuna aliyembishia.

Kitabu kile kilikuwa cha Kiingereza, na Bibi hakujua Kiingereza hata neno. Jina la Mohamed Amin lilikuwa jaladani kwa herufi kubwa. Kwetu sisi aliyekipiga picha alikuwa Muislamu fulani wa bara, basi. Sikujua kwamba yule Muislamu fulani ndiye aliyekuwa akifanya dunia nzima ilie.

Hiyo ni habari ya Korem. Oktoba 1984 Amin na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, walifika kaskazini mwa Ethiopia, kwenye kambi ya watu waliokimbia njaa. Alfajiri yenye ubaridi, maelfu wamelala uwanjani, na miongoni mwao waliokuwa wameshakufa usiku. Ripoti yao ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba, kisha ikarushwa na vituo 425 duniani. Yaliyofuata mnayajua. Bob Geldof alikusanya wanamuziki wa Uingereza, Wamarekani nao wakakusanyika na akina Michael Jackson na Lionel Richie, na tarehe 13 Julai 1985 ikafanyika tamasha ya Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Mamilioni yalichangwa. Roho nyingi ziliokolewa, na hilo ni jambo kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo jambo moja hunikera. Waimbaji wa siku ile ninaweza kukutajia mmoja baada ya mmoja, mavazi yao na nywele zao. Wale waliolala uwanjani Korem siwezi kumtaja hata mmoja.

Kabla ya hapo na baada ya hapo Amin aliendelea na vitabu vyake vya sebuleni, na hapa ndipo vijana wangu watatu wangefaa kusikiliza. Hakuvitengeneza peke yake. Alikuwa na Duncan Willetts, mpiga picha, na Brian Tetley, mwandishi wa magazeti. Wawili picha, mmoja maneno. Pamoja walitoa Journey Through Kenya mwaka 1982, na safari za namna hiyo kwa nchi nyengine zikafuata, Tanzania, Pakistan, Nepal, Zimbabwe. Mwaka 1981 kilikuwa kimetoka kitabu cha Ziwa Turkana na watu wake. Mwaka 1986 kikatoka cha reli, ile iliyoanzia hapa kwetu Mombasa na kumlisha babake. Nadhani hicho alikifanya kwa moyo.

Kazi ile haikuwa ya mchezo. Zama zile hakuna kompyuta ya kukufutia kosa. Unapiga mamia ya filamu, unazimwaga slaidi juu ya kioo chenye taa chini yake, unaziangalia kwa kikuzio, unatupa tisini na tisa unabakisha moja. Kisha mwandishi naye anakuja na maneno mengi kuliko nafasi, na mpanga kurasa anataka picha ya jua likichwa ichukue kurasa mbili, na kila mmoja anaamini kitabu ni chake. Amin alisifika kwa kutolala na kwa kutowaacha wengine walale. Alikuwa ofisini kabla ya alfajiri. Vitabu vilitoka kimoja baada ya kimoja, na baadhi yake, nisimwonee aibu, vilikuwa vitabu vya kuipendeza serikali. Nchi imeoshwa, imechanwa nywele, imevalishwa kanzu ya Idi. Ukivisoma hutajua kwamba katika nchi hizo kulikuwa na mtu aliyefungwa jela kwa kusema. Na aliyevitengeneza alikuwa mtu aliyewahi kufungwa kwa kupiga picha.

Juni 1991 alikuwa Addis Ababa, serikali ya Mengistu imeanguka siku chache tu, ghala la silaha likalipuka. John Mathai, mrekodi sauti wake, alifariki pale pale. Amin alipoteza mkono wa kushoto. Mtu mwengine angestaafu, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikwenda Marekani, akatengenezewa mkono wa umeme, akatengenezewa na namna ya kuishika kamera kwa mkono huo, na baada ya miezi michache alikuwa kazini. Mwaka uliofuata Malkia wa Uingereza alimpa nishani ya MBE. John Mathai alikuwa amekwenda kuchukua sauti ya mlipuko, akafia humo, na ni wachache wanaomkumbuka.

Tarehe 23 Novemba 1996 naikumbuka mimi mwenyewe, maana nilikuwa kijana wa sekondari. Ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ndani yake walikuwamo Amin na Tetley, wanarudi kutoka kwenye shughuli zao. Camerapix ndiyo iliyokuwa ikichapisha jarida la abiria la shirika hilo. Watu watatu waliiteka ndege angani na kumtaka rubani awapeleke Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi hata nusu ya safari. Hawakusadiki. Akawa anashuka kusini akiambaa na mwambao wa Afrika, mwambao wetu huu, akitumaini hawataona, mpaka walipogundua na kumlazimisha aelekee baharini. Mafuta yalipokwisha ndege ilikuwa juu ya visiwa vya Ngazija. Mitambo ikazima yote miwili.

Walionusurika walisimulia kwamba Amin hakukaa kitini. Alikuwa amesimama, mtu wa mkono mmoja, akizungumza na watekaji na kuwahimiza abiria wenzake wasikubali kufa kama kondoo. Ndege iliangukia baharini karibu na ufuo wa Galawa, upande wa Mitsamiouli, ubavu mmoja ukagusa maji kwanza na ndege yote ikapasuka. Wavuvi na watalii waliingia majini kuokoa watu. Ndani ya ndege kulikuwa na watu 175, wakafa 125. Mohamed Amin na Brian Tetley walikuwa miongoni mwa waliokufa. Amin alikuwa na miaka 53.

Mtaani kwetu kulikuwa na familia za Kingazija, na siku ile radio zao zilikuwa zimewekwa dirishani ili kila anayepita asikie. Mtalii mmoja ufuoni alikuwa na kamera ya video, akadhani ni maonyesho ya ndege, akaibonyeza. Kwa hiyo hata kifo cha Mohamed Amin kina picha. Nimeiona mara moja, sitaki kuiona tena.

Hazina ya picha zake iko Nairobi, mikononi mwa mwanawe, Salim Amin, ambaye ameirithi kazi na kuihifadhi. Mamilioni ya picha. Huko ndiko walikolala marais wetu wa mwanzo, majemadari, mahujaji, na wenye njaa. Sisi wa Pwani tukitaka kumuona babu yetu akiwa kijana hutokea tukaambiwa albamu iliingiliwa na maji ya mvua, au ilichomwa nyumba ilipogawanywa baina ya warithi.

Basi niliwaita wale vijana. Niliwasimulia kwa ufupi haya niliyokuandikia. Nikawaambia nitaandika maelezo yote arubaini bila kudai hata senti, ila kalamu nyekundu iwekwe kando: anayestahili ukurasa aupate akiwa na pesa au hana, na gharama tuzitafute kwengine. Nikaongeza kwamba majina ya waliotengeneza kitabu yaandikwe yote, mpaka la aliyebeba taa. Msemaji wao alinisikiliza kwa adabu, akaniambia shikamoo ya kuondoka, akasema watakwenda kushauriana. Nilijua maana yake. Wawili kati yao sijawaona tena.

Yule mpiga picha wa harusi alikuja peke yake juzi, mchana, akifuta jasho. Alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na picha moja kubwa: mzee wetu muuza kahawa, ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani, dele liko miguuni pake na mkaa ungali mwekundu. Anaitazama kamera kama anayedaiwa asichokopa. Ishirini na kitu miaka nimekunywa kahawa yake. Nikaigeuza picha nyuma. Kijana alikuwa ameandika jina la mzee kwa penseli, na tarehe. Nilimuuliza kama amemuuliza na jina la babake. Hakuwa amemuuliza. Tukavaa viatu, tukamfuata.